Mama, leo umechoka namba ngapi?

Muulize mfanyakazi wa ofisini aliyetoka kuruka kamba dakika kumi: "Vipi mazoezi?" Atakujibu: "Poa tu." Jasho linamdondoka kwenye nyusi, mkono umeegemea ukuta, lakini jibu ni poa. Kwa watu wa Dar es Salaam poa ni salamu. Haijawahi kuwa kipimo.

Mhasibu mmoja wa Mchafukoge, mama wa watoto wawili, aliligundua hilo siku alipojikuta ameketi kando ya tenki la maji juu ya paa la ghorofa, magoti yanatetemeka, macho yanaona nyota, na yeye bado anawajibu wenzake "poa".

Ofisi yao inashughulika na kutoa mizigo bandarini. Ina watu 12, iko ghorofa ya nne, kwenye moja ya ile mitaa ambayo chini ni maduka na mikokoteni, katikati ni ofisi, na juu kabisa wanaishi watu wenye kuanika nguo zao barazani. Ni kata iliyobanwa kati ya Kariakoo na katikati ya jiji, jirani na Mnazi Mmoja, uwanja ambao wakoloni waliuacha wazi ili kutenganisha makazi ya Waafrika wa Kariakoo na Uhindini.

Kazi yao ni kukaa. Mhasibu huyu huamka saa kumi na moja alfajiri Kimara, huwaandaa watoto, hupanda mwendokasi akasimama mpaka Kisutu, na akishafika kwenye kiti chake hainuki mpaka saa saba. Akiinuka ni kwenda kwenye printa.

Habari ya kukaa kudhuru moyo si ngeni. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha Uingereza utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na konda walikuwa gari moja, barabara ile ile, moshi ule ule. Mmoja ameketi siku nzima, mwingine anapanda na kushuka ngazi za basi akikusanya nauli. Makonda ndio waliopata ugonjwa wa moyo kwa uchache. Anayepanda daladala kila siku anaweza kuitazama picha hiyo bila kwenda London, ingawa konda wa Gongo la Mboto ana matatizo yake mengine.

Hapa nyumbani nako wito ulishatolewa. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alihimiza nchi nzima ifanye mazoezi na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa kazi hiyo. Agizo zuri, lakini mzazi yeyote anajua Jumamosi ina nini ndani yake: kufua, msiba, harusi, na kikao cha wazazi shuleni. Ndiyo maana bosi wa ofisi hii aliamua mazoezi yafanyike kazini, Jumanne na Alhamisi, saa kumi na nusu jioni, juu ya paa, dakika 30. Malalamiko ya kwanza yalihusu jasho. Ofisi ina choo kimoja na ndoo moja, na watu wanarudi nyumbani kwa basi lililojaa. Mzee wa stoo akasema jina la kata lilishatoa uamuzi zamani: mchafu, koge.

Aliletwa kocha, kijana mchangamfu anayeongoza vikundi vya kukimbia alfajiri. Alikuja na spika ya singeli na saa ya mkononi inayopima mapigo ya moyo, akawa anawavisha watu kwa zamu. Kijana wa kompyuta alisoma 148. Dada wa mapokezi 141. Mhasibu, baada ya kupanda na kushuka ngazi zile zile kwa idadi ile ile, alisoma 97.

"Mama, wewe bado hujaanza!" kocha alimwambia. "Ongeza, ongeza!"

Akaongeza. Mzunguko wa tatu ndio uliompeleka kwenye tenki.

Jambo ambalo kocha hakulijua, na ambalo mwenyewe hakuona sababu ya kulitangaza mbele ya wenzake, ni kwamba tangu uzazi wa pili alikuwa na presha na anameza atenolol kila siku. Dawa za kundi hilo hushusha presha na pia huzuia moyo usipige kasi. Moyo wa anayezimeza unaweza kuwa unafanya kazi kubwa na hesabu ya mapigo ikabaki chini. Muuguzi wa kliniki anakochukulia dawa alipoelezwa kisa chote alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka.

"Saa haijui umemeza nini," alimwambia. "Usiache dawa kwa sababu ya mazoezi, na usiache mazoezi kwa sababu ya dawa. Ila kuanzia leo jipime kwa unavyojisikia."

Akageuza karatasi ya vipimo, akaandika upande wa nyuma namba kutoka 6 mpaka 20.

Kipimo hicho si cha kubuni kliniki. Kilitungwa na mwanasaikolojia wa Sweden, Gunnar Borg, aliyeanza kuchunguza jambo hilo miaka ya 1950 na 1960 na akachapisha jedwali lake maarufu mwaka 1970. Swali lake lilikuwa jepesi kulitamka: mtu akifanya kazi ya mwili, anaiona ngumu kiasi gani? Sita ni hakuna juhudi yoyote, kama kukaa kwenye kiti. Tisa ni nyepesi sana, kama mtu mzima mwenye afya anayetembea taratibu. Kumi na moja ni nyepesi. Kumi na tatu ni ngumu kiasi, lakini mtu anaona bado anaweza kuendelea. Kumi na tano ni ngumu. Kumi na saba ni ngumu sana, mtu anajisukuma. Kumi na tisa ni ngumu kupita karibu yote aliyowahi kuyafanya. Ishirini ni mwisho wa uwezo.

Wengi hushangaa kwa nini kinaanzia 6. Borg alitaka namba hiyo ukiizidisha kwa kumi ikaribiane na mapigo ya moyo kwa dakika: 6 kama 60 ya mtu aliyepumzika, 13 kama 130. Ni makadirio tu. Umri unayavuruga, kwa sababu moyo wa mtu wa miaka 60 haufiki kasi ya moyo wa mwenye miaka 25, na dawa zinayavuruga zaidi, kama ilivyotokea juu ya lile paa. Hapo ndipo hisia inapoishinda saa: inajumlisha vyote kwa pamoja, moyo, pumzi, misuli ya mapaja, joto la mwili, na usiku ambao mtoto alilia mpaka saa nane.

Muuguzi aliongeza jambo moja kwa msisitizo. Kifua kikibana, kichwa kikazunguka, macho yakaona giza, hiyo haipewi namba. Hiyo ni kusimama, na kwenda kuonwa.

Karatasi ilibandikwa ukutani, juu, karibu na mlango wa paa. Ndipo ubishi ulipoanza, na haukuwa wa afya, ulikuwa wa Kiswahili. Ngumu na nzito ni kitu kimoja? Dereva alisema gunia ni zito, hesabu ni ngumu, ngazi ni za kuchosha tu. Mzee wa stoo, mtu wa Pangani, akataka neno taabu. Kijana wa kompyuta akasema "inakaza" na wenye umri wake wote wakamwelewa papo hapo.

Aliyewatoa hapo ni dada wa mapokezi. Alisema Kiswahili kina ngazi zake tayari: mtu anapumua, kisha anahema, kisha anatweta. Akaziandika kwa kalamu ya wino mwekundu pembeni mwa namba. Anayepumua anaweza kusimulia kisa chote cha jirani yake. Anayehema anasema sentensi moja moja na wimbo hauwezi. Anayetweta anakujibu kwa kichwa. Wataalamu wa mazoezi nao hutumia jaribio la namna hiyo hiyo, la kuongea huku ukifanya mazoezi, na linalingana vizuri na namba za Borg. Kiwango cha wastani, kile ambacho Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linataka mtu mzima akifanye dakika 150 mpaka 300 kwa wiki, ni pale kwenye 12 mpaka 14, yaani kuhema bila kufika kutweta. Mwongozo huo pia uliondoa sharti la zamani kwamba mazoezi yahesabiwe tu yakidumu dakika kumi mfululizo. Ghorofa nne za asubuhi zinahesabika.

Kipimo kilikuwa kizuri. Kilichokuwa kibaya ni namna ya kuulizia.

Alhamisi ya kwanza kocha alipanga watu mstari baada ya ngazi, akawauliza mmoja mmoja kwa sauti. Akaanza na bosi. Bosi, shati limelowa mgongo mzima, akasema: "Tisa." Baada ya hapo nani angesema 15? Dereva: tisa. Kijana wa kompyuta: nane. Mapokezi: kumi. Mhasibu, aliyekuwa na karatasi ya kliniki kwenye mkoba, alisema kumi na moja na akaona aibu ya uongo wake. Zamu ikafika kwa mzee wa stoo.

"Kumi na saba," alisema. "Na mkiendelea mtanibeba."

Watu walicheka, kisha wakamtazama bosi, kisha wakanyamaza.

Uongo wa aina hii umewahi kuonwa na watafiti: mwaka 1988 walikuta wanaume wakitaja namba ndogo zaidi pale anayewapima akiwa mwanamke. Mwili ni ule ule, mzigo ni ule ule, ila namba inapunguzwa kwa ajili ya anayesikiliza. Ofisini pana anayesikiliza kuliko pote, kwa sababu anayesikiliza ndiye anayesaini likizo na kupandisha mshahara. Kampuni inayouliza hadharani nani amechoka, na mwisho wa mwezi ikampa fulana yule anayeonekana ana nguvu, haipimi mazoezi. Inapima woga.

Kocha, kwa sifa yake, alielewa haraka. Wiki iliyofuata alileta daftari. Kila mtu alichagua alama yake, samaki, nyota, mwembe, jembe, na kila mmoja aliandika namba yake ukurasa wake akiwa peke yake pale mlangoni. Bosi hakuonyeshwa daftari. Alikubali, ingawa alinuna siku mbili.

Namba zilipoanza kuwa za kweli, mazoezi yenyewe yalibidi yabadilike. Ghorofa nne zile zile zilikuwa 11 kwa mmoja, 13 kwa mwingine na 17 kwa wa tatu. Kumwambia kila mtu "mizunguko mitano" kulikuwa sawa na kuwagawia watu 12 viatu vya namba moja. Kocha akaacha kutoa idadi. Akawa anasema: "Leo wote tufike 13, tukae hapo dakika 15." Kijana wa kompyuta alipanda kwa kukimbia. Mzee wa stoo alipanda ghorofa mbili kwa kutembea, akashuka, akarudia. Wote wawili wakahema sawasawa, na huyu hakumwonea yule.

Halafu daftari likaanza kuonyesha mambo ambayo hayakuwa ya miguu kabisa. Kuanzia tarehe 15 ya kila mwezi namba za idara ya hesabu zilipanda, 13 ikawa 15, ngazi zikiwa zile zile. Tarehe 20 ndiyo mwisho wa kupeleka ritani za VAT. Tarehe 22 namba zinashuka zenyewe. Mhasibu alidhani ni uvivu wake. Si uvivu. Mwaka 2009 Samuele Marcora na wenzake, wakifanya kazi Wales, waliwaweka watu 16 mbele ya kompyuta dakika 90 wakifanya kazi ya kuumiza kichwa, kisha wakawapandisha baiskeli ya mazoezi. Siku nyingine watu hao hao walitazama filamu zisizo na msisimko, kisha baiskeli ile ile. Waliotoka kwenye kazi ya kichwa waliacha mapema zaidi. Moyo na misuli havikuonyesha tofauti ya kueleza jambo hilo. Kilichotofautiana ni hisia: mazoezi yale yale waliyaona magumu zaidi tangu mwanzo.

Mzazi anayerudi nyumbani baada ya saa nane za takwimu akaona ngazi za nyumbani kwake zimeongezeka, hajidanganyi. Kwa kichwa chake zimeongezeka kweli.

Jua nalo lina namba yake. Februari, hewa ikiwa nzito ya unyevunyevu na paa limekunywa jua tangu asubuhi, damu inabidi ipelekwe kwenye ngozi kuupoza mwili huku misuli nayo ikiidai, na 12 ya Julai inakuwa 14. Ramadhani waliofunga waliomba wakae kwenye 10, wakakubaliwa bila mjadala.

Nyumbani Kimara, mtoto wa kwanza wa mhasibu, aliyeko darasa la tatu, alisikia mama anamsimulia baba habari za namba. Tangu siku hiyo salamu ya jioni ikabadilika. Mama akifungua geti, mtoto anauliza: "Shikamoo mama. Leo umechoka namba ngapi?"

Mwanzoni alimjibu kwa mzaha. Kisha akaanza kumjibu kweli, na kugundua kwamba mtoto anayeambiwa "leo mama ni kumi na sita, nipe dakika kumi nikae" hutoa dakika kumi bila kununa, ilhali anayeambiwa "niache kwanza, nimechoka" hununa mpaka kulala. Wapo watakaosema Borg hakutengeneza jedwali lake kwa ajili hiyo, nao watakuwa sahihi. Kipimo chake ni cha juhudi ya mwili wakati kazi inafanyika, si cha uchovu wa maisha, na mtaalamu angekunja uso. Lakini familia haikuwa inaandika ripoti.

Faida kubwa ilikuja siku alipomgeuzia mtoto swali. Walikuwa wanapanda kile kilima cha kutoka barabarani, mtoto na mkoba wake wa madaftari mgongoni, mama na mfuko wa mboga. Mama alikuwa kwenye 14 na alidhani mtoto, kwa kuwa anarukaruka kila siku, anapita tu. "Wewe ni ngapi?" Mtoto akasimama, akafikiri. "Kumi na nane, mama. Mkoba." Mama aliunyanyua kwa mkono mmoja na kuurudisha chini. Ndani mlikuwa na madaftari ya masomo yote ya wiki nzima, chupa mbili za maji na jiwe ambalo hakuna aliyeeleza limefikaje.

Kwa watoto kuna vipimo vyao, vyenye picha. Kile cha Robert Robertson na wenzake wa Pittsburgh, cha mwaka 2000, kina mtoto anayepanda mlima kwa baiskeli na namba 0 mpaka 10, kwa kuwa si kila mtoto anaweza kuanza kuhesabu kuchoka kutoka sita. Mhasibu alimchorea wa kwake: mtoto, mkoba na kilima. Jiwe likaachwa nje.

Kurasa za daftari la paa ziliendelea kujaa. Mwezi wa nne kocha alimwita pembeni dada wa mapokezi, mwenye alama ya nyota. Ana mtoto wa miezi minane anayenyonya. Mizunguko yake haikuwa imebadilika, kasi ilikuwa ile ile, lakini ukurasa wake ulisomeka 12, 12, 13, kisha 14, kisha 16. Mtu anayefanya mazoezi wiki hadi wiki hutarajiwa namba ishuke kwa kazi ile ile. Yake ilikuwa inapanda.

Kila mtu alikuwa na maelezo, na yeye mwenyewe wa kwanza. Mtoto anaamka mara tatu usiku. Mtoto ananyonya sana. Mtoto anaota meno. Mama mkwe akasema hali uji wa kutosha. Maelezo yote hayo yangeweza kuwa kweli, na ndiyo maana asingekwenda popote. Kilichompeleka ni kuona namba zimepangwa kwa mwandiko wake mwenyewe.

Zahanati walimchoma kidole. Damu ilikuwa 8.4, wakati mwanamke asiye mjamzito hutakiwa awe na 12 au zaidi. Damu pungufu hubeba hewa pungufu, moyo unalazimika kukimbia zaidi kuifikisha, na ngazi zinakuwa ndefu. Alipewa vidonge vya madini ya chuma, akaambiwa ale dagaa, maharage na mchicha pamoja na machungwa au limao, chai aiweke mbali na mlo, na arudi kupimwa tena baada ya wiki nne.

Bosi alimpa ruhusa ya kukosa mazoezi. Hakuitumia yote. Alikuwa anapanda ghorofa moja, anaandika, anashuka kwenda kupokea simu.

Wiki ya saba aliandika 12. Alilifunga daftari, akalifungua tena kuhakikisha, akamwambia mhasibu: "Dada, nimemsingizia mtoto wa watu miezi mitatu."